Imla za Likizo Ndefu

Jumamosi, 5 Julai

Shule zimefungwa jana. Watoto wamekuja na barua: wazazi tusiwaache wazurure, tuwape kazi za mwili na za akili, na kila siku tuandike walichofanya. Shule zikifunguliwa daftari lirudi kwa mwalimu likiwa na sahihi. Wiki sita! Aliyeandika barua hii ama hana watoto, ama anao na ana mtu wa kumwangalizia.

Haya, naandika. Natumia kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, nyuma wakae wanangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapahapa nyumbani, chumba cha mbele. Wakati watoto wanapumzika ndipo mimi sipumui, maana likizo hii ndiyo msimu wa sare. Nina sketi, kaptura na mashati mia moja na arobaini ya kumaliza kabla ya tarehe 18 Agosti. Baba yao alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akakaa nayo hukohuko. Mwaka wa tatu huu.

Ninao wawili. Mkubwa ana miaka kumi, tunamwita Chiriku kwa alivyokuwa akipiga domo tangu anaamka mpaka usingizi umkate kauli. Mdogo ana sita, ni Kifungo, maana alipokuwa akitambaa alimeza kifungo cha koti la mteja nikakaa siku mbili nakingoja kitoke. Watu wengine wanadhani ni kifungo cha jela. Siku nyingine hawajakosea.

Ripoti ya Kifungo ni nzuri. Ya Chiriku niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Hesabu amepita. Imla, nne kwa ishirini. Chini mwalimu wa darasa ameandika kwa wino mwekundu: “Hasikii. Atapewa imla siku ya kufungua. Akifeli, anarudia la nne.”

Hasikii! Mtoto wangu mimi. Nimemwita, nimemwonyesha lile neno. Amelitazama, akasema atajitahidi.

Jumapili, 6 Julai

Nimechora ratiba kwenye karatasi ya kukatia ruwaza za nguo, nikaibandika ukutani. Saa mbili asubuhi imla. Baada ya hapo kuruka kamba uani, kisha kufagia, kisha hesabu, kisha kusimulia hadithi kwa zamu. Mchana kulala. Jioni kucheza na wenzao. Imependeza mpaka nimejionea wivu utoto wangu.

Jumatatu, 7 Julai

Imla ya kwanza. Nilikuwa napinda mashati, nina pini mdomoni kama kawaida yangu, kwa hiyo nikawa nasoma maneno kwa pembe ya mdomo huku mguu unakanyaga cherehani. Kifungo, ambaye hata hakutakiwa, kaandika kumi na moja. Chiriku kaandika matatu, halafu akachora maua. Maua! Nimempa kila neno aliloacha aliandike mara kumi.

Jumanne, 8 Julai

Imla, kamba, hesabu. Joto.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimewapa utepe wa kupimia, nikawaambia wapime nyumba nzima. Wamepima milango, meza, mkeka, paka wa jirani. Chiriku akaja na karatasi: amepiga hesabu kitambaa kilichobaki kinatoa sketi ngapi za mtoto wa miaka saba, akaweka na nafasi ya pindo. Nimeipitia mara mbili, iko sawasawa. Mimi jambo hilo nilijifunza nina miaka kumi na tisa.

Akili anayo. Ndiyo maana inaniuma. Mtoto mjinga unamsamehe, lakini mwenye akili asiyetaka kusikia unamfanyaje?

Jumamosi, 12 Julai

Jana jioni walikuwa wanacheza kujificha na watoto wa nyumba za nyuma. Kifungo karudi, Chiriku hakurudi. Nikaacha cherehani nikatoka kumtafuta. Wenzake wakasema wamemwita wee mpaka wamechoka, mchezo ulishakwisha, hataki kutoka. Nimemkuta amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, magoti kifuani, anasubiri kutafutwa.

“Huwasikii wanakuita?”

Akasema alidhani bado wanamtafuta.

Kujitia hamnazo kwenyewe huko. Nimemrudisha ndani kwa sikio.

Jumapili, 13 Julai

Wifi yangu alikuja. Ni shangazi yao, kaka yake ndiye aliyeniacha, lakini yeye hajatuacha, nampa haki yake. Ni msimamizi wa zamu kiwandani na anaongea na kila mtu kama mashine zinawaka. Ajabu ni kwamba Chiriku anampenda, anaelewana naye kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa namsema Chiriku kwa ajili ya sufuria aliyoiunguza. Wifi akaweka kikombe chini.

“Wifi, huyu mtoto anakukodolea macho hivi unapomsema, na wewe umekaa tu?”

“Ananisikiliza.”

“Anasikiliza kwa macho? Mtoto mwenye adabu akisemwa anatazama chini. Huyu anakupima. Kwanza mfundishe kuinamisha macho, mengine yatafuata yenyewe.”

Kweli nikamtazama mwanangu, nikaona amenikazia macho mdomoni, hapepesi. Nikaona aibu. Mimi mwenyewe nimelelewa kutazama vidole vyangu vya miguu mkubwa anapozungumza.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya pili ya “macho chini.” Imla, mbili kwa ishirini.

Jumatano, 16 Julai

Moja.

Alhamisi, 17 Julai

Nilikuwa nimeroweka kitambaa cha sketi, kisinyae kabla sijakikata, nikakianika uani. Nikamwambia Chiriku akae karibu na mlango asome, mawingu yakija akianue. Mimi nikaenda kununua nyuzi.

Mvua ikaja ghafla. Nilirudi mbio nimelowa chapachapa, bati linapiga kelele mpaka husikii unachowaza, na mwanangu amekaa palepale, mgongo kwa mlango, kitabu mapajani, anasoma. Kitambaa chote kimeanguka kwenye tope. Kifungo peke yake anahangaika uani, anavuta kona moja.

Nimempigia kelele ambazo sikujua ninazo. Yeye akainamisha macho, kama nilivyomfundisha.

Nimefua upya mpaka mikono imechubuka. Hizo ni siku mbili za kazi zimekwenda. Ukimuuliza anasema, “Sikujua.” Mvua ya bati! Amejaza pamba masikioni mtoto huyu, na pamba yenyewe ni kiburi.

Ijumaa, 18 Julai

Joto limerudi. Imla, tatu.

Jumatatu, 21 Julai

Kifungo sasa anasoma kitabu cha dada yake, ukurasa mzima, kwa sauti, na kidole chini ya mstari. Nilipiga makofi. Kisha nikamwona Chiriku mlangoni anatutazama, nikaacha.

Hataki tena kwenda kucheza. Kamba haruki, anasema wenzake wanaimba haraka anapoteza hesabu, na wanamcheka. Hadithi nazo hasimulii zamu yake. Zamani nilikuwa namwomba anyamaze nipate kuhesabu mishono. Leo nyumba imekuwa kimya tangu asubuhi, nilidhani nitafurahi.

Wiki nne zimebaki. Akirudia la nne atakaa na watoto wadogo kwake, wenzake wote wamwone. Namjua, atavunjika.

Alhamisi, 24 Julai

Watoto wamelala, ndipo naandika.

Leo nilisema nitaifanya imla ipasavyo. Nikaacha cherehani, nikatoa pini mdomoni, nikakaa mbele yake mezani, nikamwambia anyanyue uso. Nikachukua kitabu chake cha shule, nikamsomea sentensi kumi, polepole. Akaandika. Nikaona anaandika kweli, moyo ukaanza kunifunguka. Nikachukua daftari nikasahihisha. Sentensi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu kwenye kitabu inasema: “Mama alituacha nyumbani akaenda sokoni.”

Yeye ameandika: “Baba alituacha nyumbani akaenda sokoni.”

Nikamuuliza, “Mimi nimesema hivi?”

Akasema ndiyo.

“Nimesema baba?”

Akatazama mdomo wangu. Akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kusita, “Ndiyo, umesema baba alituacha.”

Sijui nieleze vipi. Miaka mitatu sijalitaja neno hilo mbele yao. Nimeshona, nimepiga pasi, nimeinama mpaka mgongo umekataa kunyooka, ili mtu asije akasema watoto hawa wameachwa. Na huyu anakaa mezani kwangu, anaiandika kwa herufi nzuri, halafu ananiambia nimeisema mimi. Niliona ananikebehi. Niliona dhihaka iliyopangwa. Mkono ukaenda wenyewe, kofi kamili, upande wa kushoto, shavu na sikio pamoja.

Hakulia. Alishika sikio, akakaa hivyo, mdomo wazi. Kifungo ndiye aliyelia.

Sijawahi kumpiga kofi mtoto usoni. Wala mama yangu hakuwahi kunipiga usoni.

Ijumaa, 25 Julai

Daftari hili haliendi kwa mwalimu. Nitaandika jingine safi, la kamba na hesabu.

Jumapili, 27 Julai

Mto wa Chiriku una doa la maji yenye damudamu upande wa kushoto. Nikamwambia ni joto, ametoka damu ya pua. Nikafua foronya. Hakubisha.

Jumanne, 29 Julai

Kumi na tano kwa ishirini!

Nimeihesabu mara tatu. Na nilikuwa na pini mdomoni, sikumbembeleza kwa lolote.

Jumatano, 30 Julai

Kumi na saba. Wifi kapita kuchukua gauni lake, nikamwonyesha. “Nilikwambia mimi,” akasema. “Umemtia adabu, ona sasa.” Nikacheka naye. Naandika kwamba nilicheka naye, lisije likasahaulika.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nilikuwa nasoma imla nimewapa mgongo, nakata ruwaza mezani. Nikageuka ghafla kutafuta chaki. Nikamkuta Kifungo amekaa mkabala na dada yake, anachezesha mdomo. Neno nililolisema mimi analirudia yeye bila sauti, taratibu, ametanua midomo kama anamfundisha mtoto kula. Chiriku anamtazama, anaandika.

Wizi wa mtihani nyumbani kwangu! Nikamvuta Kifungo pembeni.

“Unamnong’oneza dada yako majibu?”

“Sinong’onezi.”

“Nimekuona mdomo unacheza. Sema kwa sauti nisikie na mimi!”

Akanitazama kwa kunishangaa. “Dada hataki sauti, mama. Sauti haimsaidii. Anataka mdomo.”

Nilisimama na chaki mkononi. Nikamuuliza amejuaje. Akainua mabega. “Mbona siku zote. Ukiwa na pini hakuoni unasema nini.”

Chiriku alikuwa ameinama anachora mstari chini ya jibu, mgongo kwetu. Nikamwita kwa jina lake. Nikaita tena. Nikapaza sauti mpaka jirani akaitika ukutani. Kisha nikauchukua mkasi mkubwa wa chuma, nikauachia juu ya sakafu ya saruji nyuma ya kiti chake.

Kifungo aliruka. Paka wa jirani alikimbia. Chiriku akamaliza mstari wake, akapuliza karatasi.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekaa na madaftari yake yote ya imla. Siwezi kushona.

Siku za pini, kabla Kifungo hajaanza kumsaidia, kurasa karibu tupu. Siku za “macho chini,” kurasa tupu. Siku nilizomtazama, makosa ni ya namna moja tu. Pata ameandika bata. Fua ameandika vua. Nikaenda mbele ya kioo cha wateja nikasema pata, nikasema bata. Nikasema mama. Nikasema baba. Mdomo unafanya kitu kilekile, hakuna tofauti hata ya unywele. Nilikaa mbele ya kioo nasema mama, baba, mama, baba, mpaka Kifungo akaja kunishika sketi.

Kumbe sentensi ile aliichukua mdomoni kwangu, na penye shaka akachagua neno analojua ni kweli.

Na mimi nikampiga, tena kwenye sikio, Mungu wangu, pale palipobaki kusikia, kama kulibaki.

Jumanne, 5 Agosti

Hospitali. Tulifika saa moja, tukaingia saa sita.

Daktari wa masikio ni mwanamke wa makamo, mpole. Alimvalisha Chiriku vile vya masikioni, akamwambia akisikia mlio anyanyue mkono. Mkono ulikaa pajani muda mrefu mpaka nikatamani kuunyanyua mimi.

Baadaye akanigeukia. “Mama, mtoto huyu hasikii.”

Neno lilelile la mwalimu. Nimeishi nalo mwezi mzima, nimelisema kwa wifi, nimelisema kwa majirani, na ndiyo kwanza nalielewa.

Akaniuliza kama aliwahi kuugua sana. Nikamwambia miaka miwili iliyopita alilazwa kwa homa kali, wiki mbili, hata hatujui kama atatoka. Akasema huenda ilianzia pale. Ni mishipa ya ndani, masikio yote mawili, na inaendelea kupungua. Alikuwa akisikia kidogo, akawa anajaziliza kwa kutazama midomo, na kuongea sana ili asiulizwe. Sasa kile kidogo kimekwisha karibu chote. Kifaa cha kuvaa kitasaidia kiasi tu, ametuandikisha tungoje.

“Kusikia kungerudi, daktari, kama ningemleta mapema?”

“Kusingerudi, mama. Lakini je, angeteseka hivi alivyoteseka? Hapana. Angeteseka pungufu.”

Kisha akachukua kurunzi yake ndogo, akaangalia tena sikio la kushoto. Akasema, “Hapa kuna jambo jingine. Ngoma ya sikio imechanika. Hii ni mpya, wiki mbili hivi. Itaziba, lakini isiingie maji. Alipigwa?”

“Alianguka,” nikasema.

Lilitoka haraka hivyo, kama lilikuwa limekaa ulimini linasubiri. Nikageuka kumtazama mwanangu. Alikuwa ananitazama mdomoni. Mlango ulikuwa umefungwa, watu wanapiga kelele kwenye foleni nje, na yeye hakuhitaji sauti yoyote kunielewa.

Daktari akamshika kidevu kwa upole, akamgeuzia uso wake. “Ulianguka?”

“Ndiyo,” Chiriku akasema. “Kwenye ngazi.”

Nyumba yetu haina ngazi.

Jumatano, 6 Agosti

Sijashona.

Alhamisi, 7 Agosti

Wifi amekuja, nikamweleza. Akaanza kusema, “Lakini mimi ananisikia,” kisha akakumbuka anavyopiga kelele na anavyotanua mdomo. Akavua viatu, akaingia jikoni, akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Mimi nilitaka anilaumu ili nipate wa kumjibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia. Nilimkalisha kitandani kwangu, nikakaa mbele yake, uso kwa uso. Nikasema, “Kule kwa daktari nilisema uongo.”

“Najua. Nilikuona.”

“Mbona na wewe ukasema ulianguka?”

Akafikiri. “Ulitaka niseme hivyo.”

Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa maneno mafupi, ayapate yote. Akasema, “Haya.” Akauliza kama anaweza kwenda kumsaidia Kifungo kupanga vifungo kwa rangi. Nikamwambia nenda.

Nililia nikiwa nimeuma kitambaa cha shati la mtu. Baadaye nikakumbuka kwamba hata ningelia kwa sauti, asingejua.

Jumapili, 10 Agosti

Imla. Pini nimezichomeka kwenye kimto chake, cherehani limefunikwa, uso wangu kwenye mwanga wa dirisha. Kila neno lenye kutatanisha nikaliweka ndani ya sentensi, kama Kifungo alivyonielekeza. Kumi na tisa kwa ishirini.

Akashika daftari, akaniuliza, “Basi nimefaulu? Nitaingia la tano na wenzangu?”

Nikamwambia kesho nakwenda shuleni kuwaeleza, wakusomee hivi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwalimu mkuu, anayeshinda ofisini hata likizo, alinipokea vizuri, kiti, maji ya kunywa. Alimwita na mwalimu wa darasa. Kijana wa watu, aliposikia alikaa chini akashika kichwa.

“Mama, mimi niliandika hasikii nikimaanisha mtundu.”

“Na mimi nilisoma mtundu,” nikamwambia. Tungegombana ningejisikia nafuu.

Nikatoa daftari la kumi na tisa. Nikawaambia anaweza, asomewe tu mwalimu akiwa amemtazama, akae mbele. Mwalimu mkuu alilitazama kwa muda, hakulidharau.

“Mama, la tano lina watoto sabini na wawili. Mwalimu anaandika ubaoni nusu ya kipindi. Akigeuka, mwanao amebaki peke yake. Mwaka huu atajikaza, mwaka kesho atajikaza, halafu? Na daktari anasema kusikia kwake kunapungua.”

Akaniambia kuna shule ya watoto wasiosikia. Wanafundishwa kwa mikono na kwa picha. Ni bweni. Ni safari ya siku nzima kwa basi. Atanipigia simu.

Nikasema sitaki. Akasema anaelewa. Nikasema tena sitaki.

Jumatano, 13 Agosti

Nafasi ipo moja. Wanamtaka Jumapili, au impate mwingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia Chiriku. Alisoma mdomo wangu mpaka mwisho, hakunikatiza. Akauliza swali moja: “Lakini nilipata kumi na tisa?”

Nikamwambia ndiyo, kumi na tisa.

Akasema, “Sasa nilikosea wapi?”

Hukukosea, mwanangu, hukukosea popote. Nilimwambia hivyo, nadhani nilimwambia, midomo ilikuwa inacheza vibaya sijui kama aliyapata.

Ijumaa, 15 Agosti

Wateja wamekuja kuchukua sare. Nimetoa mia na kumi, wengine wamenitukana. Joto halipungui.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemshonea sketi mbili za shule mpya, kijivu. Leo mchana tulikuwa tunapanga sanduku. Yeye anakunja, Kifungo anapanga, mimi nasimamia nisichosimamia.

Mkono wake ukasimama kwenye sketi.

“Huko wanapiga?” akauliza.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamgeuza anione vizuri kwa mwanga wa dirisha. “Hapana, mwanangu. Hawapigi.” Nikalisema taratibu, silabi moja moja, na ni kweli, nilikuwa nimemuuliza mwalimu mkuu hilo kabla ya yote.

Akanitazama mdomo. Akanitazama macho. Akarudi mdomoni, akakaa hapo muda.

“Sawa,” akasema.

Nikainuka kwenda kuchukua taulo kwenye kamba. Nilipogeuka mlangoni nikamwona ameinama mpaka uso wake uko sawa na wa mdogo wake, amemshika mabega.

“Eti ni kweli hawapigi?”

Kifungo ana miaka sita. Hajui chochote kuhusu shule ile, hajui hata iko upande gani. Akatanua midomo, bila sauti, akamwambia kwamba hawapigi.

Chiriku akashusha pumzi, akaendelea kukunja sketi.